Arba na Ng'ombe wa Kitovu

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimenyesha vizuri, na Isiolo ilikuwa ya kijani mpaka vilimani. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nyumbani kwa Dabasso Yattani, mtaa wa Bula Pesa, mkewe Abiba alikuwa akichemsha chai ya maziwa. Kando yake aliketi Isnino wa Kulamawe, mjane wa Bonaya, aliyekuwa kaka mkubwa wa Dabasso. Nje, binti mdogo wa Isnino, Bisharo, alikuwa amekumbatia mguu wa mtamba mwekundu aliyefungwa kwenye mti, naye mtamba alitulia kama aliyejua kwamba anayemshika ndiye mwenyewe.

Na kweli ndiye aliyekuwa mwenyewe. Ninyi mliokulia kwenye boma la Waborana mnaijua handura, ng'ombe wa kitovu, yule ambaye mtoto hupewa na baba yake anapozaliwa. Ng'ombe huyo na wote watakaomtoka ni wa mtoto, hata baba hana ruhusa ya kuwagusa. Wengi huwapa wavulana tu, lakini Bonaya hakujaliwa mwingine ila Bisharo, na walipomcheka alisema kwamba msichana naye ana kitovu. Akampa mtamba huyu, akamwita Dima kwa wekundu wake. Alipokuwa akikata roho, Bonaya alimwita Dabasso, akamtia kamba ya Dima mkononi.

“Hii kamba ni ya mtoto,” alimwambia. “Wewe unashika tu.”

Ndugu zangu, yashikeni maneno hayo, maana hadithi yote iko hapo.

Ilikuwa imekubaliwa kwamba Isnino angerudi Kulamawe na mbuzi wake, naye Dima angeingia katika kundi la Dabasso kule Burat, kwenye majani mazuri, chini ya mchungaji wake Emuria. Siku shida ikibisha hodi, au Bisharo akikua, kamba ingerudishwa kwake. Wanawake walikuwa wakiyazungumza hayo kwa upole, chai ikitokota, mara honi ikalia njiani, honi nene ambayo Bula Pesa haikuwa imepata kuisikia. Kuku wakatawanyika, Dima akaruka na kukata kamba, na Bisharo akaanguka chali akilia.

Dabasso alikuwa amekwenda Nanyuki kuuza madume. Alirudi na gari.

Na lilikuwa gari kwelikweli! La Kimarekani, kuukuu, refu kiasi kwamba pua yake ilifika mlangoni na mkia ungali barabarani. Rangi yake ilikuwa samawati ya anga, na ubavuni lilikuwa na mistari ya chuma iliyong'aa hata mtu angeweza kujinyolea hapo. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kipana kama kitanda. Ukiufunga mlango, haukulia pa kama milango ya magari haya mengine. Ulilia dum, mlio wa kitu kizito na cha heshima. Mzungu aliyeliuza alikuwa akirudi kwao, naye hakuficha jambo.

“Ni gari nzuri, lakini inakunywa sana,” alisema.

Dabasso alicheka. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na jicho lake lilikuwa jicho la mnada. Alilizunguka lile gari, akalipiga kiganja kiunoni, akainama kuangalia magurudumu kama anayekagua kwato. Aliona kifua kipana, mgongo mrefu na ngozi isiyo na kidonda. Na kwa watu wetu, mnyama anayekunywa sana kisimani ni mnyama mzima, ndiye mwenye maziwa. Anayelamba maji na kuinua kichwa ndiye wa kuogopwa. Basi Dabasso aliposikia kwamba gari linakunywa sana, alilihesabu hilo kuwa sifa.

“Abiba, toka uone!” aliita. “Hii si gari, hii ni arba.”

Arba kwetu ni ndovu, na toka siku ile mji mzima uliliita Arba.

Tusimlaumu mapema. Nani kati yetu hakulipenda lile gari? Barabara ya kwenda Kulamawe, ile inayomtingisha mtu mpaka meno, Arba liliipita kwa ulaini, abiria wamelala. Watu wanane waliingia humo na bado mtu akanyoosha miguu. Bibi harusi akiletwa na Arba, hata wakwe wagumu walilegea. Wazee walipelekwa msikitini wakiwa wameegemea kama masultani. Dabasso mwenyewe alibadilika jina akawa Dabasso wa Arba. Alipopita polepole mbele ya maduka, mkono nje ya dirisha, salamu zilimfuata pande zote mbili.

Tena hakumtoza mtu hata mmoja. Kumtoza mtu wa ukoo nauli aliona ni aibu, sawa na kumuuzia mgeni maziwa. Mtu alibisha asubuhi, salaam aleikum, mama ni mgonjwa kule Gotu, na Dabasso alichukua ufunguo. Mwingine alitaka kupelekwa sokoni tu ili aonekane. Huyo naye alipelekwa. Arba lilipewa heshima ya dume la ukoo, ambalo kila mtu ana haki ya kuliazima, ila dume hujilisha lenyewe porini, na Arba lilisubiri kulishwa na mtu mmoja.

Kajuju, dada Mmeru aliyeuza petroli pale kituoni, ndiye wa kwanza kuona hatari.

“Mzee Dabasso, zima hiyo injini kwanza,” alisema siku moja, mpira wa pampu mkononi. “Naona inakunywa haraka kuliko vile mimi namimina.”

Watu waliokuwa pale walicheka, na Dabasso akacheka kuwashinda. Lakini Abiba alipohadithiwa, yeye hakucheka. “Ng'ombe akinywa, jioni nakamua,” alimwambia mumewe. “Hii yako mimi nikamue wapi?”

“Inatuletea heshima,” alijibu Dabasso.

“Basi leo tupike heshima, watoto wale.”

Mwanzoni Dabasso alililisha Arba kwa kuuza mbuzi. Mbuzi mmoja aliingia kwenye tangi na Arba likaenda Garba Tula na kurudi. Kisha ikaja miaka ile ambayo petroli ilipanda bei dunia nzima, tukaambiwa kwenye redio kwamba ni vita vya mbali, na mbuzi yuleyule hakumfikisha mtu hata nusu ya njia. Wenye magari madogo walilalamika, wakafunga mkanda, wakaendelea. Arba halikujua kufunga mkanda. Dabasso akaanza kuuza madume, kisha mitamba, na kila alipouza alijiambia kwamba huyu ni wa mwisho. Kundi la Burat likapungua, na siku moja alipokwenda kulikagua akakuta kwamba waliobaki, wanono, wenye kupendeza, walikuwa wengi wao wekundu. Walikuwa Dima na uzao wake.

Alisimama pale akiwatazama. Wiki ile kulikuwa na harusi kubwa, Arba lilikuwa limeahidiwa, na tangi lilikuwa kavu. Jamani, hapa ndipo mtu huanguka, tena haanguki kwa kishindo. Huanguka kwa neno dogo, laini. Neno la Dabasso lilikuwa kuazima. Angeazima ndama mmoja tu wa Dima, na mvua zikija angemrudisha akiwa wawili.

“Emuria, mtoe yule,” alisema, akionyesha kwa fimbo.

Emuria alimtazama yule ndama. “Mzee, huyo si wa mtoto?”

“Najua wa nani. Mtoe.”

Emuria akamtoa. Alikuwa mtu wa kuajiriwa, na neno lake alikuwa ameshalisema.

Yule wa kwanza alimnyima Dabasso usingizi. Wa pili alimnyima hamu ya chakula. Waliofuata walikwenda bila yeye kuwapo mnadani, kwa sababu alianza kumtuma mtu, akidhani kwamba macho yasiyoona hayatadaiwa. Kisha akaenda Dima mwenyewe, na yeye hakukubali kutoka zizini mpaka aliposukumwa. Siku ile Dabasso alipofika kituoni na Kajuju akaanza kumimina, alisikia petroli ikigugumia ndani ya tangi, na sauti ile ikawa ni ya ng'ombe anayekunywa. Aliondoka penye gari, akasimama mbali, uso ameupa ukuta.

Tangu hapo akawa mtu wa kujificha waziwazi. Msikitini aliacha safu ya mbele, akaswali karibu na viatu. Shehe aliposoma aya za mali ya yatima alikohoa akatoka nje. Alimnunulia Bisharo gauni na viatu na peremende, akavipeleka Kulamawe kwa Arba, na Isnino akamshukuru mpaka Dabasso akatamani ardhi immeze. Kila mara mtoto alimuuliza swali lile lile.

“Baba Mdogo, Dima hajambo?”

“Hajambo. Ameenda fora.”

Fora ni kundi linalopelekwa malisho ya mbali, miezi na miezi, na mtoto wa wafugaji hawezi kuushuku uongo huo, maana ng'ombe wote huenda fora. Bisharo aliamini. Akawa anahesabu ndama kichwani mwake, anawapa majina.

Ndipo ukaja ukame wa themanini na nne. Sina haja ya kuwaeleza, mliuona. Mbuzi wa Isnino walilala ubavu wakafa mmoja mmoja, wa mwisho akafa akiwa amefungwa karibu na meko. Isnino alimshika mtoto mkono, wakapanda lori la mahindi mpaka mjini. Waliposhuka Bula Pesa walikuwa wamekonda, nguo zikiwapwaya. Lakini Isnino hakuwa na huzuni. Alikuwa na tumaini, na hilo lilikuwa baya zaidi kulitazama.

“Shemeji, salaam aleikum,” alisema akiwa bado mlangoni. “Ile siku tulisema, imefika. Nipe kamba ya mtoto. Nitauza mmoja, tununue posho, na wale wengine watatuvusha mpaka mvua. Bisharo asiache shule.”

Abiba alimtazama mumewe. Alikuwa hajui, lakini alikuwa na akili zake, na uso wa Dabasso ulikuwa umeanza kumwambia. Ilikuwa nafasi ya kusema. Kulikuwa na kivuli, kulikuwa na maji ya kunywa, na watu wake waliokuwa wakimpenda wote walikuwapo. Dabasso alifungua kinywa.

“Wako fora, upande wa Gotu,” alisema. “Ingieni kwa gari, twende tuwatafute.”

Mnasikia mambo? Aliwatia kwenye gari kwenda kuwatafuta ng'ombe ambao alikuwa amewauza! Na petroli iliyokuwa ndani ya Arba siku ile aliipata kwa ndama wa mwisho wa Dima, aliyeondoka zizini juzi tu. Sijui alikuwa akitarajia nini. Labda alitarajia muujiza, au labda alitaka dakika chache zaidi za kuitwa shemeji.

Walikwenda. Isnino alikaa nyuma. Bisharo alikaa mbele karibu na dirisha. Miaka iliyopita Dabasso mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukizungusha kile kipini cha kushusha kioo, naye akakizungusha mpaka chini, akatoa kichwa nje kwenye vumbi.

“Dima!” aliita. “Dima, ho! Dima!”

Nchi ilikuwa nyeupe kwa ukavu. Kila penye mzoga Isnino alisema alhamdulillahi, si mwekundu. Walipokutana na wachungaji, Dabasso alisimama, akashuka, akawauliza kwa sauti ya juu kama wameona ng'ombe wekundu, na wachungaji wakatikisa vichwa, naye akarudi garini akisema tujaribu mbele kidogo. Akaacha barabara akafuata njia ya kisima, akarudi, akafuata nyingine. Mshale wa petroli ulikuwa ukishuka. Alikuwa akiutazama kuliko barabara. Aliutazama kama mtu anayetazama kamba ikimponyoka mkononi, na hakukaza vidole.

“Dima, ho!” aliita mtoto, sauti imeanza kukauka.

Arba likakohoa. Likasukuma mbele kidogo, likakohoa tena, likanyamaza. Lilisimama kwenye uwanda usio na mti, kabla hata ya kufika Gotu. Upepo tu ndio uliosikika.

“Imekuwa nini?” aliuliza Isnino.

“Petroli imeisha.”

“Si ulisema uliweka jana?”

“Niliweka. Inakunywa sana.” Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Jasho lilimtoka, nayo machozi yakaja na jasho. “Isnino, sikiliza. Hakuna ng'ombe Gotu. Hakuna fora. Dima nilimuuza. Wote niliwauza. Wameingia humu ndani ya gari, wote, na leo tumemaliza wa mwisho.”

Isnino hakupiga kelele. Angepiga kelele, Dabasso angepumua. Alipapasa kile kiti cha nyuma alichokalia, akakipapasa tena taratibu.

“Harusi ya binti ya Duba ulinibeba kwa hii gari,” alisema. “Nikaimba. Nikajiona mtu. Kumbe nilikuwa nimekalia ng'ombe wa mtoto wangu.”

Akafungua mlango, akashuka, akasimama kwenye jua akimpa mgongo.

Bisharo alikuwa bado na kichwa nje. Alikuwa amesikia kila neno. Alirudisha kichwa ndani, akakishika kile kipini, akakizungusha polepole, na kioo kikapanda mpaka juu kabisa. Hakukuwa tena na wa kumwita. Akakaa vile, mikono mapajani, ndani ya lile joto, akitazama mbele. Dabasso hakuweza kumtazama, na hakuweza kutazama pengine.

Lori la kuleta maji liliwakuta adhuhuri likawarudisha mjini. Dabasso alikaa juu na mapipa, kwa kuwa Isnino hakutaka kukaa naye.

Alikwenda mwenyewe kwa wazee, bila kuitwa, akayasema yote mbele ya watu aliowabeba bure miaka ile. Niwaambieni kitu cha aibu: wengi walitazama chini, maana hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza zile safari zetu zinalishwa na nini. Wazee waliamua arudishe ng'ombe wa mtoto, hata kama ni kazi ya maisha yake. Ukoo ukachanga posho, Isnino na Bisharo wakavuka ukame wakiwa hai, nyumbani kwa Abiba, ambaye aligawana nao kila kibaba. Shule Bisharo alikosa mwaka mzima, na hakurudi tena darasa moja na wenzake.

Arba halikupata mnunuzi. Kila aliyekuja kuliangalia aliuliza linakunywaje, na Dabasso, ambaye sasa alikuwa amechoka kusema uongo, alimjibu. Lilivutwa na punda mpaka mjini, likakatwakatwa, na kiti chake cha nyuma kikawa benchi mlangoni mwa hoteli moja ya chai. Dabasso alipita mbali na hoteli ile. Akaenda kuchunga ng'ombe wa watu, mzee mzima, akilipwa ndama kwa msimu, bega kwa bega na Emuria, aliyekuwa mtumishi wake. Emuria hakumkumbusha neno. Hilo nalo lilimuuma.

Mvua zilirudi, na baada ya misimu kadhaa Dabasso alipata mtamba wake wa kwanza. Alitaka mwekundu, akabadilishana na watu mpaka akampata. Akamswaga kwa miguu, njia yote ya Kulamawe, akamfikisha mlangoni kwa Isnino. Bisharo alitoka. Alikuwa msichana mrefu sasa. Dabasso alimnyooshea kamba.

“Shika, mwanangu. Ni wako.”

Bisharo hakuipokea. Alimtazama yule mtamba kwa muda, akamtazama na baba yake mdogo, si kwa hasira, ila kama mtu anayetaka kujua kweli.

“Baba Mdogo,” alisema, “huyu ni wa nani?”

Dabasso alimtajia mwenye boma aliyemlipa, akamtajia misimu aliyochunga, akaapa. Mtoto akamwita mama yake atoke asikie na yeye. Ndipo akaishika kamba. Na kwa kila mtamba aliyemleta tangu siku ile, Dabasso alijibu swali hilo kwanza, mpaka mvi zikamjaa, na hakuwahi kuchukizwa nalo.

FUNZO

Ndugu zangu, gari si dhambi. Kupenda kitu kizuri si dhambi pia, hata kiwe kikubwa na kikuukuu. Kosa la Dabasso lilianza pale alipofuga kitu kisichojilisha wala kukamuliwa, akakilisha kwa vilivyo vyake, na vyake vilipokwisha hakukiachilia. Ukiwa na Arba lako, liwe gari, liwe miraa, liwe jina zuri mjini, ujue linakula nini, na siku litakapokosa litamgeukia nani. Mara nyingi humgeukia yule asiyeweza kuuliza.

Mali ya yatima haiazimwi. Mwenyewe hayupo hapo kukubali, kwa hiyo huko si kuazima. Na wewe uliyebebwa bure usijione huna hatia. Panda gari la mwenzako kwa shukrani, lakini muulize pia analimudu vipi. Huenda swali moja lingemwokoa.

Aliyeshikishwa kamba ashike tu. Na kabla hujamtoa mnyama zizini, simama mbele yake mchana kweupe, ujiulize lile swali la Bisharo. Usipoweza kulijibu kwa sauti mbele ya mwenyewe, mrudishe ndani, uende kwa miguu.